Sugu ya Bega la Kulia

Tuanze na baba, ingawa Fakihi mwenyewe asingependa tuanzie huko. Mzee Tawakali alikuwa hamali wa Kivinje. Pale Kivinje maji ya ufukoni ni haba, vyombo hutia nanga mbali, na kila kilichoingia mjini kiliingia juu ya mabega ya watu. Walibeba wawili wawili, mzigo ukining'inia kwenye mti waliouita mpiko. Miaka thelathini mpiko ulikaa bega la kulia la Tawakali, ukamwachia sugu nene, nyeusi, kubwa kama andazi. Fakihi alipokuwa mdogo alipenda kuibonyeza kwa kidole.

"Inauma, baba?"

"Thubutu! Hiyo haina habari na mtu."

Wadachi walipofungua shule Kivinje, mbao za mabenchi zilishushwa melini na Tawakali akawa mmoja wa waliozibeba. Alipoitwa kupokea ujira akakataa katakata. Alisema hataki ujira, anataka mwanawe akalie mojawapo ya mbao zile. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, kisha akakubali. Tangu siku hiyo watu wa Kivinje hawakupumua. "Benchi la tatu, lile la dirishani, nimelibeba mimi," Tawakali alimwambia kila aliyesimama kumsikiliza, "na sasa linambeba mwanangu."

Fakihi akasoma, hilo hatumnyimi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata Wadachi wenyewe wakiusifu. Akapelekwa Lindi kuandika stakabadhi za kodi ya vibanda, na baada ya miaka minne akawa karani wa bwana shauri mwenyewe, Mdachi aliyeshika mamlaka ya pale. Lindi hakuna aliyemjua, na hapo ndipo alipoharibu. Vijana aliokula nao walikuwa watoto wa watu, kila mmoja na orodha ya mababu zake. Walipomuuliza baba yake ni nani, akajibu Mshirazi, tajiri wa sandarusi, amekwishafariki kwa ndui. Loo! Tawakali wa watu yuko Kivinje anabeba magunia, kumbe Lindi wamekwisha kumrehemu.

Ukaja mwaka wa Maji Maji. Watu wa bara walikuwa wamechoka na pamba ya serikali na viboko vyake, wakamuua akida mmoja aliyewatawala kwa niaba ya Wadachi, na kiti chake kikabaki kitupu. Waliokitaka ni wawili, Abdulatifu wa ukoo mkubwa wa Lindi, na Fakihi. Bwana shauri akaamuru kila mmoja aandike barua, aeleze asili yake na kazi alizozipitia. Fakihi akaandika kwamba yeye ni Fakihi bin Salumu bin Bakari, Mshirazi, na babaye ni marehemu. Kazi alizozitaja zilikuwa za kweli tupu. Uongo ulikuwa kwa baba tu.

Siku hiyohiyo alimpata msafiri wa kwenda Kivinje, akampa salamu za kumfikishia mama yake, Bi Mwahija. Niombeeni dua, huenda nikawa akida. Lakini msije huku, njia mbaya. Njia ilikuwa mbaya kweli, ila si hiyo aliyoiogopa.

Haukupita mwezi, askari wakaleta mateka, watu ishirini na kitu waliokamatwa njiani. Wakawavua nguo za juu na kuwatazama bega la kulia. Mtu akipiga gobori, kitako chake humchubua bega. Basi mwenye alama ni mhuni, ndivyo Wadachi walivyowaita waasi, na mhuni kitanzi. Kesi yenyewe ndiyo hiyo, wala hapakuwa na nyingine. Bwana shauri akapita mbele ya mstari, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kila mtu asikie, "Muhuni na mutoto wake, kamba moja."

Fakihi alikuwa mezani akiandika majina. Akauliza la mtu wa tisa bila kuinua macho. Jibu likachelewa. Akainua macho. Alikuwa baba yake, amekonda, miguu imejaa vumbi la siku saba, na sugu ile nje mchana kweupe.

Mzee aliitazama meza, akamtazama Mdachi, akaitazama kalamu mkononi mwa mwanawe. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bwana karani."

Ya Rabi! Baba anamwamkia mwana shikamoo! Hata ardhi ingeona haya. Macho ya watu wote yalikuwa juu ya Fakihi.

"Marahaba," akasema.

Bwana shauri akagusa sugu kwa ncha ya fimbo. "Hii nini?"

"Mpiko, bwana mkubwa. Mimi hamali."

"Leo wote hamali!" Mdachi akacheka. "Nani anakujua hapa?"

"Hapa Lindi?" Mzee akatikisa kichwa. "Hakuna."

Fakihi akaandika, akaita mtu wa kumi.

Tusimwonee. Hakula siku ile, wala hakupata lepe la usingizi. Asubuhi alimkuta bwana shauri hajamaliza chai, akasema papo hapo mlangoni, kabla woga haujamrudia, "Mzee wa jana, Tawakali, ni baba yangu. Ni hamali wa Kivinje. Ile sugu nimeijua tangu nikiwa mtoto."

Bwana shauri aliweka kikombe. Akafungua mtoto wa meza, akatoa barua, akaikunjua. "Salumu bin Bakari. Amekufa. Nani aliandika?"

"Mimi. Niliongopa."

"Uliongopa siku ile, au unaongopa leo?"

Fakihi akaitazama barua. Mwandiko ulikuwa wake, mzuri, hauna hata doa la wino. Mdachi akaamuru mzee aletwe.

Akaletwa, mikono imefungwa nyuma. Bwana shauri akamwelekezea Fakihi kidole. "Huyu mutoto wako?"

"Baba, sema," Fakihi akadakia, machozi yanamtoka. "Sema, baba. Waambie habari ya benchi la tatu. Waambie!"

Tawakali akamtazama kwa utulivu, kama alivyokuwa akitazama mzigo kabla ya kuuinua. Bila shaka ile kamba moja ya mhuni na mwanawe ilikuwa bado masikioni mwake.

"Bwana mkubwa," akasema, "mimi Mungu hakunijaalia mtoto. Kijana huyu ana huruma tu. Mungu amweke."

"Baba!"

"Nimesema sina mtoto," mzee akarudia, na safari hii sauti ikamkatika.

Bwana shauri akaisukuma barua kando, akavuta daftari la waliohukumiwa na kulisogeza mbele ya karani wake. "Umesikia mwenyewe. Andika." Fakihi angeweza kuitupa kalamu ile dirishani. Hakuitupa. Akaandika: Tawakali, hamali, hana mtoto. Herufi zilikaa sawasawa kwenye mstari, kama alivyofundishwa.

Adhuhuri ilipofika, kazi ya kitanzi ilikuwa imekwisha. Askari wakaleta vifurushi vya marehemu ili karani aviorodheshe. Katika kifurushi cha tisa mlikuwa na mihogo mikavu vipande vitatu, tasbihi, na kitu kilichofungwa vizuri ndani ya kitambaa safi. Akakifungua. Ilikuwa kofia mpya nyeupe, ya kushonwa kwa mkono, kazi ya miezi. Mshono huo aliujua. Alilala na kuamka nao utotoni, mama yake akiwa kibarazani na sindano. Basi mzee alikatiza katikati ya vita siku saba kwa miguu ili mwanawe asiingie uakidani na kofia ya kununua. Fakihi aliangukia kifurushi kile akalia kwa sauti, na askari wakatazamana wasijue karani amepatwa na nini.

Uakida alipewa. Abdulatifu alikuwa amekimbilia Unguja vita vilipokaribia, na bwana shauri alisema moyo laini unaweza kukazwa, lakini mwandiko mzuri ni adimu.

Siku ya kutawazwa, watu walipokuwa wanampa mkono, alifika mwanamke mmoja wa Kivinje, Kazija, aliyekuja kwa mashua. Akaamkia kwa adabu, akasema ana ujumbe wa Bi Mwahija.

"Anakusalimu sana. Anauliza, baba yako alifika salama? Na kofia, je, imekutosha? Anasema alikisia tu, lakini kichwa chako anakijua."

Fakihi alikuwa ameivaa. Ilimkaa barabara.

"Mwambie kofia imenitosha," akasema.

Kazija akaendelea kusimama pale, akingoja jibu la lile swali la kwanza.