Bahasha Kwenye Sinia la Mwalimu

Ilze alipofika kwangu, kitu cha kwanza kutoa begini hakikuwa glavu, kilikuwa daftari. Aliliweka juu ya meza ninayokatia mboga, akaniambia kwa Kithai chake cha kuokoteza, "Mama, nisaidie. Bei hizi nimezitoa kwenye simu. Nadhani zinanidanganya."

Zilikuwa zinamdanganya kweli. Mafuta ya kukandia misuli aliyaandikia baht mia tatu, na chupa sokoni kwetu ni themanini. Chumba alikikadiria mara mbili ya ninavyotoza. Lakini mahali pa hospitali hakuweka kitu.

"Mbona hospitali hujaandika?"

"Sina mpango wa kuumia, Mama."

"Hakuna anayepanga. Andika elfu tano. Jicho moja likipasuka hapo ulingoni, utanikumbuka."

Akacheka, akaandika.

Kwao ni Latvia, nchi ya baridi, na alikuwa amekaa miaka mitatu kwenye kiwanda cha samaki akikata vichwa ili apate miezi sita ya kufanya mazoezi asubuhi na jioni bila kazi nyingine. Alitaka sita kamili. Alifika Juni, na Novemba mji wetu wa Surin una maonyesho ya tembo, na kwenye maonyesho kuna jukwaa la ngumi na mateke. Mwalimu akiridhika na mgeni humpandisha pale. "Nikirudi bila kupigana," aliniambia, "basi nilikuja kutalii tu."

Mimi nimepika kwenye kambi ile ya wapiganaji miaka ishirini na sita. Ulingo wenyewe aliujenga mume wangu, Wirot, kwa mikono yake. Alipofariki, miaka minne iliyopita, mdogo wake Prasong akashika kambi, akawa ndiye mwalimu. Sikuona vibaya. Nilibaki na jiko, na vyumba viwili vya juu ninavyopangisha. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma najua na hesabu hainipigi chenga. Kila alfajiri naweka wali katika mabakuli ya watawa wa Kibudha wanaopita, na thawabu zake naomba zimfikie Wirot.

Siku ya pili Prasong aliingia jikoni, akafunua sufuria, akachota mchuzi.

"Shemeji, yule mtoto wako mweupe ana pesa ya miezi yote sita?"

"Anayo. Nimemshauri alipe mwezi kwa mwezi."

"Kwa nini? Akitoa zote pamoja, namfanyia elfu nane kwa mwezi badala ya kumi. Arobaini na nane, tumemalizana. Na barua ya kuongezewa kibali cha kukaa nchini namwandikia mimi mwenyewe."

Nikapiga hesabu kichwani. Elfu kumi na mbili zingebaki mfukoni mwa mtoto. Nikafurahi.

"Alhamisi namwingiza rasmi kuwa mwanafunzi wangu," akasema. "Mwambie bahasha aiweke kwenye sinia, pamoja na maua. Si vizuri anishikishe pesa mkononi mbele ya vijana, kama mtu ananunua nyama."

Hapo ndipo nilipokosea. Sinia la mwalimu nalijua. Ni maua, mshumaa, ubani, na pesa kidogo ya heshima, ishirini au mia. Kilichowekwa pale ni cha mwalimu; hakihesabiwi, hakiulizwi. Nilijua hivyo tangu nikiwa bibi harusi. Na nilijua kwamba risiti ni jambo la kawaida. Lakini kumwomba mwalimu risiti, tena mdogo wa mume wangu, jikoni kwangu, akiwa na kijiko changu mdomoni! Niliona haya. Sikuiomba.

Alhamisi nikaenda sokoni mwenyewe, nikachagua maua. Nikamfundisha Ilze kupiga magoti, kuinua sinia, kuinamisha kichwa. Ukutani juu yetu ulining'inia utepe wa kichwani wa Wirot, ule ambao mpiganaji huvishwa kabla ya pambano na sisi wanawake hatuugusi. Prasong akapokea sinia kwa mikono miwili, akamfunga Ilze kitambaa cha baraka mkononi. Mtoto akalia. Na mimi pia.

Wiki sita zikapita. Miguu yake ikawa myeusi kwa kuvilia damu, kisha ikakomaa. Kila jioni alifungua daftari pale mezani, akafuta na kuandika, akanionyesha kama mtoto wa shule anavyomwonyesha mama yake. "Tazama, Mama. Hospitali bado elfu tano nzima."

"Usijisifu. Novemba haijafika."

Kisha siku moja akaja jikoni akiwa bado na jasho, uso umemshuka.

"Mama, kibali changu kinaisha baada ya siku tisa. Nimemwomba Mwalimu ile barua. Anasema hawezi. Anasema sijalipa ada."

Nikavua aproni, nikamshika mkono, tukaenda wote.

Prasong alikuwa amekaa ukingoni mwa ulingo, anamfunga bandeji kijana mmoja anaitwa Daeng.

"Shemeji," nikamwambia, "barua ya Ilze vipi?"

"Ada kwanza."

"Ada si alitoa Alhamisi ile?"

"Alhamisi ile alinipa heshima ya mwalimu. Nikaipokea, nikambariki. Ada ni jambo jingine."

"Elfu arobaini na nane za heshima?"

"Wazungu wana moyo mkubwa."

Daeng akadakia, "Mimi niliweka mia moja, na mpaka leo napigwa teke kama nimeiba!" Vijana wakacheka. Walipouona uso wangu, wakaacha.

"Prasong, wewe ndiye uliyesema aweke kwenye sinia. Ulisimama jikoni kwangu ukasema."

"Nani alikuwepo?" Hakuinua hata macho kutoka kwenye bandeji. "Wewe umekaa hapa miaka ishirini na sita. Uliwahi kuona mtu akilipa ada kwenye sinia? Wewe ndiye uliyenunua maua, shemeji. Wewe ndiye uliyempigisha magoti."

"Basi mrudishie."

"Pesa imeshakwenda hekaluni, kwenye paa jipya. Nenda kamwambie mtawa mkuu akushushie vigae."

Nikaelewa. Uchaguzi wa mkuu wa kijiji ulikuwa mwezi ujao, na Prasong alikuwa anagombea; jina lake kwenye paa lingempa kura. Aliniweka mahali ambapo alijua sitaweza kusogea, maana tangu nizaliwe sijawahi kuliomba hekalu lirudishe kitu.

Jioni tukakaa mezani na lile daftari. Ilze akapiga hesabu mara tatu. Kulipa upya kwa elfu kumi kila mwezi, pamoja na chumba, chakula na nauli ya kurudi, kungemfikisha Septemba. Novemba haikuwemo.

Nikapanda juu, nikashuka na kopo langu. Mlikuwa na elfu thelathini na moja, nilizokuwa nikiweka kwa ajili ya kijumba cha majivu ya Wirot pale hekaluni. Nikalisukuma mbele yake.

"Chukua. Chumba na chakula usinilipe. Tulipe ada, atoe barua."

Ilze hakuligusa. Alinitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake.

"Nizipokee kwa mkono, Mama," akauliza, "au kwa sinia?"

"Mwanangu, sikujua."

"Ulinunua maua."

"Nilinunua, ndiyo. Lakini sikujua."

"Bei ya mafuta ulijua. Bei ya kushona jicho ulijua. Kila kitu unajua, Mama." Akafunga daftari.

Kila alichosema kilikuwa kweli, na bado hakikuwa kweli.

Siku ya saba akafunga begi. Akaja jikoni, akahesabu pesa ya chumba na chakula mpaka siku ile, baht kwa baht, akaziweka mezani.

"Niandikie risiti," akasema.

Sikuwa na kitabu cha risiti. Nikachana karatasi, nikaandika jina lake, kiasi, tarehe, nikatia sahihi. Akaikunja, akaitia ndani ya daftari. Hakuniita Mama tena. Teksi ikaja, akaondoka.

Siku ya ibada iliyofuata nikaenda hekaluni kama kawaida. Baada ya sala, mtawa mkuu akatangaza kwenye kipaza sauti waliochangia paa. "Mwalimu Prasong na familia yake, baht elfu arobaini na nane." Ukumbi mzima ukainua mikono iliyokutanishwa, ukaipokea sadaka kwa baraka, "Sadhu!"

Mikono yangu ilibaki mapajani. Jirani yangu Lamduan akanisukuma kwa kiwiko. "We! Sema, watu wanakutazama."

"Waache watazame."

Nje vigae vilikuwa vimepangwa, vinangoja mafundi, kila kimoja kimeandikwa majina ya waliotoa, kwa wino mzito. Nikapita nikivisoma. Kwenye fungu la Prasong, chini ya jina lake, kwa mwandiko wake mzuri niliouzoea, kulikuwa na mengine mawili: marehemu Mwalimu Wirot, na Bualai, mkewe.

Bualai ni mimi.

Fungu zima. Alitugawia. Thawabu ya pesa ya yule mtoto alimpelekea mume wangu huko aliko, na mimi akaniweka pembeni yake, tukae wote watatu juu ya paa moja.

Sikwenda kwake. Nilirudi nyumbani nikachukua kile kisu kidogo cha kumenyea papai, nikarudi, nikaketi chini kwenye kokoto. Nikaanza kukwangua jina langu. Lilitoka upesi. La Wirot lilinichukua muda, kwa sababu mkono ulikuwa unakataa.

Mtawa mmoja kijana akasimama karibu. "Mama Bualai, unafuta jina la marehemu?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Hakutoa kitu hapa."

Vilikuwa vigae mia mbili na arobaini. Siku ile nilimaliza thelathini na moja. Kesho yake, baada ya kuwapa watawa wali, sikwenda kupika kambini. Nilikwenda na kisu.