Gitaa la Bibi Solo

Chifu alilishika gitaa kwa vidole viwili, uso kaukunja, kama mtu aliyekabidhiwa samaki wa juzi.

"Hili ndilo ulilokuwa ukiniimbia wiki nzima?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Fundi ndilo jina lililombakia tangu alipofungua kibanda cha kutengeneza simu. Hata mama yake mzazi alishalizoea. Siku za kazi alikuwa mtu wa simu. Mwisho wa wiki alikuwa mpiga solo wa bendi ya Chifu, akipiga gitaa la Chifu, na hapo ndipo alipokuwa ameshikwa pabaya. Gitaa hilo lilikuwa na tabia ya kwenda likizo kila Fundi alipofumbua mdomo. Alipouliza kwa nini nyimbo alizozitunga yeye zinatangazwa jukwaani kuwa za Chifu, gitaa likaugua ghafla, likakaa "matengenezoni" wiki tatu. Alipogoma kuvaa gauni la kumbana mpaka pumzi, likaazimwa kwa binamu yake Chifu, asiyejua hata kulifunga nyuzi. Bila gitaa, Fundi alikuwa mtazamaji kama watazamaji wengine, tena wa kusimama nyuma.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita, alipompelekea Bibi Solo simu yake iliyopona na kuliona gitaa limelala juu ya kabati, alisahau hata kudai ujira wake. Lilikuwa gitaa la umeme la zamani, lenye umri wa kumzidi yeye na pengine na mama yake. Rangi yake ya asali ilikuwa imebabuka pale mkono wa kulia wa Bibi uliposugua kwa miaka na miaka, mpaka mbao ikachungulia. Bibi alilipigia kwenye kumbi enzi zake, na jina la Solo alilipewa na watu, hakujipa. Sasa vidole vyake vilikuwa vimepinda kama tangawizi.

"Sitaki lifie kabatini," alikuwa amesema. "Njoo Jumamosi, mjukuu wangu, ulichukue." Akataja bei ya kumsaidia mtu, si ya kumkamua. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo Fundi alilipapasa tu. Sauti yake hakuisikia.

Kisha akafanya kosa moja. Furaha ilimwasha ulimi, akamwambia Chifu.

"Usinunue bila mimi," Chifu alisema, akichezea kidevu. "Wazee hao watakuuzia kuni, wewe mtoto wa kike uchekelee."

Basi Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, wakawa sebuleni kwa Bibi. Chifu alichomeka waya kwenye amplifaya ndogo aliyokuja nayo, ncha ya pili akaichomeka kwenye gitaa, akapiga uzi mmoja. Amplifaya ikanguruma kama jenereta bovu. Akapiga nyuzi zote. Ikanguruma vilevile, wala uzi hata mmoja haukusikika.

"Umesikia?" alisema, akionekana kuridhika kuliko kawaida ya mtu anayetoa habari mbaya. "Sumaku za kunasa sauti ya nyuzi zimekufa. Sumaku za hivi hazipatikani tena. Bibi, samahani, sisemi kwa ubaya, lakini hili ni pambo la ukutani."

Bibi alikaa wima kwenye kiti chake. "Pambo?" aliuliza taratibu, kama aliyetukaniwa mtoto.

Fundi alihisi machozi ya hasira yakimlenga. Hakujua amkasirikie nani. Wiki nzima alikuwa amejiona amesimama jukwaani na gitaa lake mwenyewe, akimjibu Chifu neno kwa neno. Na sasa?

Wakati huo mkamwana wa Bibi akaingia na sinia la chai, akamwona Chifu, akachanua tabasamu.

"He! Karibu tena, kaka! Leo umekuja na wifi yetu?"

Chifu akajitia kutafuta kitu mfukoni.

"Tena?" Fundi aliuliza.

"Si alikuja Jumanne, mama akiwa kliniki," mkamwana alisema, akipanga vikombe. "Nikamwambia mimi sina mamlaka ya kuuza kitu cha mama, angoje mwenyewe arudi. Alilichomeka hilo gitaa kwenye hicho kispika chake, akalipiga, jamani! Lililia mpaka mtoto wangu akaamka usingizini. Mimi nikatoka mara moja kuanua nguo, mvua ilikuwa inakuja. Niliporudi nikamkuta anaaga."

"Jumanne lililia," Fundi alirudia.

"Lililia nakwambia! Mwulize mwenyewe."

Fundi hakumwuliza. Alifungua begi lake, akatoa bisibisi ndogo, akapiga magoti sakafuni, akalilaza gitaa mapajani.

"Unafanya nini?" Chifu alisema. "Utaharibu kitu cha watu."

"Bibi, naomba ruhusa."

"Fungua."

Kifuniko cha chuma kilitoka kwa skrubu nne. Ndani mlikuwa na vumbi na nyaya za zamani, mbili zikielekea kwenye tundu la kuchomekea. Mmoja ulikuwa mzima. Wa pili ulikuwa umekatika katikati. Fundi aliusogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kila siku ya kazi alikuwa akitazama nyaya zilizokatika, na shaba ilikuwa haijawahi kumdanganya. Waya ukiwa umekatika miaka iliyopita, mdomo wa shaba hugeuka mweusi, au huota ukijani. Huu ulikuwa unang'aa kama hereni mpya. Tena mkato wenyewe ulikuwa mnyoofu, wa koleo. Waya uliochoka wenyewe huchanika, hauachi mkato wa namna hiyo.

"Umeukata wewe," alisema.

"Mimi? Nyumba hii ina watoto..."

"Mtoto wangu ana miezi saba," mkamwana alidakia. "Labda aliazima koleo kwa jirani!"

Bibi alisimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Umeingiza koleo kwenye gitaa langu? Ndani ya nyumba yangu, nami nimekwenda kupima presha?"

Chifu akabadilisha sauti, akaivisha asali. "Dogo, nisikilize. Nilitaka kukununulia wewe. Lingekuwa la bendi, lakini mpigaji ungekuwa wewe. Si ni kitu kilekile?"

"Kitu kilekile!" Fundi alicheka, kicheko kikali. "Ili mwezi ujao nalo liugue? Uliniona bwege kiasi hicho, Chifu? Ulikaa ukumbini ukanisikiliza nikikusimulia, nikikuita kaka, kumbe kichwani mwako unachagua koleo!"

"Haya, linunue basi. Ila ukitoka nalo hapa, kesho kwenye shughuli usije. Tuone hilo gitaa litakupigia ngoma na besi."

Hilo lilimpata Fundi. Bendi nyingine hakuwa nayo, na kutafuta wapigaji si kuchuma mboga. Isitoshe, nani ajuaye mkono ule ulikata nini kingine humo ndani?

"Lichukue ukalilehemu kwanza, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Likilia ndipo uje unilipe. Lisipolia, nirudishie. Sitakulaumu."

Lilikuwa neno la haki. Fundi alilitazama gitaa, kisha akamtazama Chifu, aliyekuwa amesimama na amplifaya yake kwapani, akimsubiri apige magoti. Magoti alikuwa amekwisha kuyapiga, ila kwa kazi.

"Hapana, Bibi. Nalinunua hivihivi, bubu lilivyo. Mtu hajisumbui kukata waya wa kuni." Akatoa bahasha, akaiweka mikononi mwa Bibi, mbele ya macho ya Chifu. "Na wewe, kesho ukizitangaza nyimbo zangu kuwa zako, nitakuwa nimesimama palepale mbele, nakupinga kwa sauti. Maikrofoni siihitaji."

"Utanitafuta," Chifu alisema.

"Mlango uko pale, kaka wa Jumanne," mkamwana alimwonyesha. "Leo sina nguo za kuanua, nitakusindikiza mpaka getini."

Saa saba mchana Fundi alikuwa kibandani, amesukuma pembeni simu za watu, akilehemu. Kwa ghadhabu, tone la kwanza la risasi ya kulehemu likamdondoka mezani, akatukana, akarudia. Alipolichomeka gitaa kwenye spika ya kupimia, hakulibembeleza. Alilipiga kama anayegonga mlango wa mdeni. Sauti ikatoka nene, yenye mikwaruzo kidogo pembeni, ikajaza kibanda na kumwagika barabarani.

Mteja mmoja aliyefuata simu yake akasimama mlangoni, ameduwaa. "Fundi, hiyo ni bendi gani?"

"Hakuna bendi. Ni mimi," Fundi alimjibu bila kuinua macho. "Na simu yako haijawa tayari. Rudi Jumatatu."