Ugali wa Marehemu Ngassa

Kesi yenyewe ilikuwa ya ugali. Msicheke kwanza.

Judica, binti mmoja mwenye kamera, alitengeneza filamu ya manju wa ngoma, akaandika mwanzoni kwamba ni hadithi ya kubuni. Kubuni gani, wakati kofia ya manyoya ya mbuni na ule mwendo wa kuvuta mguu ni vya marehemu Ngassa mtupu? Watu walijazana kibanda umiza, lile banda la video pale Bariadi, wakamwona manju wao, aliyetikisa viwanja kuanzia Bukundi hadi Mkula, amejifunga kanga ya mkewe, kachuchumaa jikoni, anasonga ugali!

Ndaki, mdogo wake marehemu, alikwenda mahakamani kuomba filamu ipigwe marufuku. Shahidi wake mkuu akawa Kabula, mjane wa Ngassa.

"Shemeji, kazi yako ndogo tu," alimwambia. "Useme kaka hakuwahi kushika mwiko. Basi."

Kabula aliitikia, lakini roho ilimuuma. Filamu ile alishaitazama mara saba. Alijua yule ni mwigizaji; yeye si mjinga. Ila tangu amzike mumewe alibaki na picha moja ya kitambulisho, uso umenuna. Pale kwenye filamu Ngassa alitembea, akapuliza moto, akamgeukia mkewe akacheka. Wakiizuia, atakuwa amemzika mara ya pili.

Shida ni kwamba yote yalikuwa kweli. Mwaka ambao Kabula aliumwa mgongo, Ngassa alishika mwiko na hakuuachia tena, kwa sharti moja: ndugu zake wasijue. Kabula aliropoka mara moja tu, kwa Judica, kwa upweke, na tazama sasa.

Siku ya ushahidi Ndaki alitangulia, kifua mbele.

"Mheshimiwa, kwetu mwanamume hasongi ugali! Miaka ishirini nimekula kwa kaka kila Jumapili. Ugali wa shemeji huyu, laini, hauna donge hata moja! Mke wangu nimemtuma mara ngapi akajifunze? Wapi!"

Martha, mkewe, alikuwa benchi la nyuma. Aliinamisha kichwa. Kabula alimwona, akaona aibu, maana kila Martha alipokuja kujifunza, yeye alimfundisha uongo mtupu. Yeye mwenyewe ugali laini angeujulia wapi?

Akapanda kizimbani, akaapa.

"Mama," hakimu aliuliza, "marehemu aliwahi kukupikia ugali?"

"Unisamehe, Ngassa," Kabula alinong'ona. Kisha kwa sauti: "Mheshimiwa, huo wa Jumapili anaousifu shemeji ndio wenyewe. Wangu mimi ulikuwa na madonge. Mume wangu akiaga kwamba anakwenda kutazama ng'ombe, alikuwa jikoni."

Hakimu alijifunika uso kwa faili, mabega yanamtetemeka.

"Kwa hiyo ng'ombe..." Ndaki alisema kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe walikuwa wazima, shemeji."

"Miaka ishirini!" Martha alisimama. "Miaka ishirini nasimangwa kwa ugali wa mwanamume!" Akatoka bila kumngoja mtu.

Ndaki aliifuta kesi siku hiyohiyo.

Jumapili mchana Kabula alikwenda kibanda umiza mara ya nane. Ngassa alipochuchumaa jikoni, mtu akaja kuketi kando ya Kabula, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Alikuwa Ndaki, ananuka moshi. Alitazama ule mkono unavyosonga, macho hayapepesi.

"Shemeji," alinong'ona, "hebu mwambie mwenye kibanda arudishe nyuma kidogo. Hapo anapogeuza."