Sufuria ya Uji

Daktari alinisomea majibu bila kuniangalia machoni, nikajua mambo yameharibika. Damu ya binti yangu ilikuwa na madini ya risasi, tena mengi. Ana miaka mitano na maneno kumi na moja, nayajua yote.

"Tafuta yanakotoka, umwepushe nayo asizidi kuumia," alisema daktari. "Lakini kilichokwisha kuharibika kichwani hakirudi."

Kutafuta ndiyo kazi yangu. Kiwandani kwetu tunayeyusha alumini chakavu, nami ndiye mwenye mashine ya cheche. Unaweka kipande cha chuma, mashine inakipiga cheche, atomi zinapata joto kali na kutoa mwanga. Mwanga huo ukichambuliwa unakuwa mistari ya rangi, na kila madini yana mistari yake, hayaazimi ya wenzake. Watu wananidanganya kila siku, mwanga bado haujanidanganya.

Nilibeba vyombo vyote vya chuma vya nyumbani, wenzangu wakanitania kwamba nahamia kiwandani. Vijiko vilikuwa safi. Sinia, safi. Mwisho nikaweka sufuria ya uji, ile aliyonitengenezea baba yangu mwenyewe, na upande wa zambarau ukasimama mstari wa risasi. Nikarudia mara nne. Kisha nikakaa sakafuni.

Baba ni fundi sufuria, ana tanuri lake uani tangu mimi sijazaliwa. Nilimkuta amempakata binti yangu, ambaye hushinda kwao nikiwa kazini.

"Baba, kwenye chuma chako unatia nini?"

"Chakavu tu, mwanangu. Rejeta, vitasa. Na plate za betri kidogo, chuma kinatiririka vizuri zaidi kwenye kalibu."

Nikamwambia yote, na kwamba plate za betri ndizo risasi yenyewe. Alimshusha mtoto polepole, akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena.

"Lakini wewe ulinipimia," alisema. "Kabla hujaolewa. Ulisema chuma hakina neno." Akafikiri kidogo. "Basi plate nilianza kuzitia baadaye. Uzee huu, nasahau. Ni mimi, mwanangu. Nimemharibu mtoto kwa mikono yangu."

Sikulala. Kulipokucha niliwahi kiwandani kabla ya watu. Mashine yetu huhifadhi mwanga wote wa kila cheche, hata ule ambao hakuna aliyeusoma. Nikachimbua kumbukumbu za miaka minane, nikaipata sampuli ya baba. Siku ile niliiuliza mashine mambo yale yale ambayo kiwanda huuliza: silikoni, chuma, shaba. Ikanijibu hayo matatu, nami nikampigia baba simu kwa furaha, nikijiona msomi. Safari hii nikafungua mwanga mzima. Mstari wa risasi ulikuwepo, mrefu, mahali pake. Miaka minane umekaa pale ukisubiri mtu auangalie, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

Sikulia. Ningelia ningepata nafuu, na sikuiona nafuu yoyote niliyoistahili.

Nikaomba ruhusa, nikaenda moja kwa moja kwa wazazi wangu. Njia nzima nilipanga maneno: baba, ilikuwepo tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekwambia endelea. Nilijikaza kisabuni mpaka getini.

Baba alikuwa uani anabomoa tanuri kwa nyundo. Mama alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mtoto alinyoosha mkono kwa babu yake, mama akageuka upande ili asimfikie.

"Tangu jana mama yako hanisemeshi," baba aliniambia, kisha akamgeukia mama. "Muulize binti yako basi. Yeye alipima, akaona chuma ni safi. Uchafu niliuleta mimi, baadaye, kwa ujinga wangu. Binti yako hana kosa." Akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa yananiombea. "Si ndivyo, mwanangu?"

Wote wawili walinisubiri.

"Ndivyo, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akainua nyundo, akaendelea kubomoa.