Kilele Kilichoshuka

Mwaka wa tatu sasa mtafiti alikuwa akimulika kwa leza kijiwe cheusi kisichozidi punje ya mchele. Kijiwe hicho kikipozwa hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Mwanga uliokipiga karibu wote ulirudi vilevile; kiasi kidogo mno kilitawanyika kikiwa kimepungua nguvu, na hicho ndicho alichokipima. Kwenye grafu kilionekana kama kilele. Akiwasha sumaku kubwa, kilele kilishuka nusu nzima. Profesa aliyemsimamia alifurahi. Makala ilikuwa tayari, itumwe Ijumaa.

Jumatano asubuhi fundi wa maabara, mzee waliyemwita Babu Baridi kwa sababu ya mitungi yake ya heliamu ya kupozea, alisimama nyuma ya mtafiti akitazama namba.

"Mwanangu, kipimajoto hiki umekiweka ndani ya sumaku?"

"Ndiyo, mzee. Ubavuni mwa kijiwe."

"Sumaku hukichanganya. Husema baridi imezidi, kumbe wapi. Mtambo wa kudhibiti baridi nao unaongeza joto kwa kuuamini uongo wake."

Mtafiti alizikodolea zile namba. Macho yalimwasha. Kijiwe kikipata joto kilele hushuka, sumaku iwepo isiwepo. Hilo alilijua tangu mwezi wa kwanza.

Mzee akaleta kipimajoto kisichojali sumaku. Wakapima upya siku mbili. Kilele kilishuka, ila kwa asilimia saba tu.

Ijumaa mtafiti aliweka grafu mbili mezani kwa Profesa. "Ile ya kwanza ni joto, si sumaku. Kosa ni langu."

Profesa alivua miwani, akajipangusa uso. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi."

Profesa alizivuta grafu karibu. "Haya. Makala tunaiweka kando. Rudia vipimo vyote. Saba ni ndogo, lakini ni yetu."

Korido ilionekana ndefu kuliko siku zote. Dada yake akapiga simu kuuliza kama kesho atakwenda kumwona mama.

"Nitakuja. Lakini nimechoka, dada, msishangae nikilala sebuleni."

"Lala tu. Hata mwaka jana ulikuja kulala."

Alicheka kidogo, akarudi maabara, akaanza kuorodhesha vipimo mia mbili vya kurudia. Hakulia, hata kulia kunataka nguvu. Alipofika cha arobaini mkono ukasita. Babu Baridi akavuta kiti, akachukua daftari la zamani la vipimo, akaanza kumsomea namba polepole.