Pombe ya Jukwaani

Mwaka 1953, kahawa ilipokwisha kuanikwa Ihanda, Karagwe, ghala la chama cha wakulima lilifagiwa, likatandikwa nyasi mbichi kama nyumba inayongoja wageni, na mke wa bwana shamba wa Kizungu akaingiza gramafoni yake. Alitaka kuonyesha bale. Bale ni ngoma ya kwao, na hii aliyoichagua ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia: mtoto wa mtawala anamposa binti wa msuka mikeka, anamwacha, binti anakufa kwa uchungu, kisha anarudi akiwa mzimu mwepesi usiogusa ardhi. Watu wa Ihanda hawakuona ugeni wowote humo, isipokuwa viatu.

Viatu viliondolewa. Kitambaa cheupe cha marekani kilinunuliwa dukani Kihanga, kikashonwa magauni. Kiswahili cha yule mama kilikuwa cha kuagizia maji ya moto tu, basi mazoezi yote aliyaendesha Mwalimu Gaudiosus, kijana wa Bukoba mwenye mdomo wa asali. Nafasi ya mtoto wa mtawala alijipa mwenyewe. Ya binti alimpa Kemirembe, mtoto wa mzee Rwezaura, msichana ambaye mwalimu alikuwa amemwahidi ndoa kwa siri tangu mvua za vuli.

Ni mwalimu aliyetaka ngoma ifanywe ya kisasa. Pete ya uchumba, alisema, hapa haimwambii mtu kitu. Mchumba alete kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na baba wa binti anywe mbele ya watu wote. Tena awe baba wa kweli na rubisi ya kweli, maana kibuyu kitupu hakimdanganyi mtu wa Karagwe.

"Taata akishakunywa, wewe ni wangu," alimwambia Kemirembe baada ya mazoezi, akimtaja Rwezaura kama baba yake mwenyewe. "Mshenga wa nini tena? Jukwaani au uani, pombe ni pombe."

Kemirembe alifurahi mno. Alimwamini kabisa, na hilo si kosa.

Siku ya onyesho ghala lilijaa hadi madirishani. Rwezaura, mzee mwenye haya, alipanda jukwaani akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akavuta rubisi kwa mrija, akameza. Kisha alisema neno ambalo halikuwamo kwenye mchezo.

"Nimepokea, mwanangu."

Wanawake walipiga vigelegele. Mama wa Kizungu alidhani wanaisifu kazi yake, akainama kushukuru.

Wakati wa mapumziko gari la Bukoba lilisimama nje. Alishuka Evangelina, binti wa karani mkubwa wa mjini. Gaudiosus alimshika mkono, akamkalisha mstari wa mbele karibu na mkungu, yaani mkuu wa kijiji, akamtambulisha: huyu ni mchumba wangu, harusi ni baada ya Pasaka. Kemirembe alikuwa nyuma ya pazia akifungwa kamba kiunoni. Alisikia kila neno.

Katika sehemu ya pili mzimu ulitakiwa kuvutwa juu kwa kamba iliyopitishwa kwenye boriti. Yustus, mvuta kamba, alikuwa bado anatemea mate viganja vyake Kemirembe alipopanda mwenyewe. Alifika kimo cha mtu aliyeketi, akacheza ngoma yote hewani bila kukosea hatua, huku machozi yakiwadondokea waliokaa mbele. Sahani ya santuri ilikwisha. Hakushuka. Mama wa Kizungu alisema kwao wachezaji huhangaika miaka mingi kuutafuta wepesi ule. Waliokaa nyuma walishukuru kwamba safari hii nao wameona vizuri.

Hakushuka kesho yake wala baadaye. Mama yake, Auleria, aliongeza pindo kwenye sketi zake kwa ajili ya heshima. Jembe lilimshinda, kwa kuwa jembe linataka uzito, akapewa kazi ya kuchuma kahawa za juu. Majirani walikuwa wakimwazima.

Rwezaura alipeleka shauri barazani. Gaudiosus aliitwa, akaja na viatu vyake vinavyong'aa, akaruka kimanga.

"Shikamooni wazee. Ule ulikuwa mchezo tu. Mzee alikunywa kwa kuwa mchezo ulitaka anywe."

Mkungu aliuliza kama kibuyuni mlikuwa na rubisi. Ilikuwamo. Aliuliza kama Rwezaura alimeza. Alimeza. Wazee walishauriana, wakaamua: mwalimu yuko huru kuoa atakako, maana yeye alikuwa anacheza. Rwezaura hakuwa anacheza, kwa hiyo binti yake ameposwa. Hukumu ilimridhisha kila mtu. Kemirembe, aliyekuwa mlangoni ameshikilia nguzo kwa sababu ya upepo, hakuulizwa kitu.

Gaudiosus alioa baada ya Pasaka, kanisa likajaa. Baadaye alihamishiwa Bukoba kwa cheo kikubwa zaidi, akawa akiwasimulia watu huko jinsi alivyoifanya bale iwe ya kisasa.

Msimu uliofuata Desderius, fundi baiskeli wa Rugera, alikuja kwa Rwezaura na kibuyu amekifunga nyuma ya baiskeli.

"Shikamoo taata."

"Marahaba. Umemwona alivyo?"

"Nimemwona. Kuelea si hoja. Nitamfunga kwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, twende zetu."

Rwezaura hakukigusa kibuyu.

"Najua kuelea si hoja," alisema. "Lakini hapa pana pombe ya mtu."

Kemirembe alikuwa juu ya mibuni na kikapu chake. Alimpenda Desderius.

"Taata, mwalimu mwenyewe alisema ulikuwa mchezo."

"Kwake ulikuwa mchezo, mwanangu. Mimi nilimeza."

Desderius alikifunga tena kibuyu chake. Kemirembe alimsindikiza taratibu juu ya njia hadi migomba ilipoishia, akabaki hapo, kwa sababu mchumba wa mtu havuki mpaka huo na mwanamume mwingine.