Shubiri Tatu Kutoka Sakafuni

Kuku wa tatu alipofia katika chumba cha Aron, Sefania Shemdoe aliacha kulaumu kideri. Alimvuta nje kwa fimbo, akamlaza kando ya viazi alivyokuwa akichagua mbegu, kisha akawasha koroboi, akaifunga kwenye ncha ya fimbo ile na kuiingiza chumbani akiwa amesimama mlangoni. Usawa wa kifua ule moto uliwaka vizuri. Usawa wa paja uliwaka. Juu kidogo ya goti ukazimika, kama uliobanwa na vidole. Alirudia mara tatu.

"Ni ile hewa," akamwambia mkewe, Bertha. "Imekuja na begi."

Bertha alikuwa na ungo mkononi. Alitazama chumba cha mwanawe kwa muda. "Basi kuku wasiingie," akasema, akaenda kutafuta ubao wa kuweka kizingitini.

Begi la Aron lilikuwa limefika Magamba, kijijini kwao, pamoja na jeneza, wiki ya pili ya Januari. Aliyelileta ni Modesta, ofisa wa usalama wa kampuni ya meli, binti mwenye sauti ndogo aliyetapika njiani kwa zile kona za kupandia Lushoto. Ni yeye aliyewaeleza. Meli ilikuwa imebeba magogo. Magogo yakifungiwa siku nyingi katika tumbo la meli huinywa hewa yote nzuri, na inayobaki haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Aron aliteremka ngazi kwenda kukagua shehena. Hakufika chini akiwa hai. Mwenzake Jafari alimwona ameanguka, akateremka mbio kumtoa, akaanguka juu yake.

Kitu kimoja Modesta hakukijua. Siku mbili kabla, Aron alimtumia baba yake ujumbe wa sauti: "Baba, humu tumboni mwa meli kunanuka kama Shume." Sefania alikuwa amekata misonobari huko Shume miaka thelathini na moja, na Aron alikulia kwenye maranda. Naye akamjibu kwa furaha: "Basi uko nyumbani, mwanangu. Mti ni pumzi." Ujumbe huo ulikuwa bado upo kwenye simu. Hakumsikilizisha mtu, hata Bertha.

Hewa ile haikutoka hata mlango ulipoachwa wazi kutwa. Ilitulia chumbani kama maji kwenye karai. Majirani walikuja kuitazama, wakatoa pole, wakarudi kwenye kabeji zao. Mchungaji aliomba akiwa barazani, kisha akashauri kitanda kihamishwe.

Katikati ya Machi Sefania alipima tena, akaona moto umezimika juu zaidi, kwa shubiri moja kamili. Alifunga mkaa kwenye fimbo, akachora mstari ukutani, akaandika tarehe. Mei ikapanda shubiri nyingine. Julai nyingine. Akampigia Modesta.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hewa inapanda huku. Tarehe kumi na nne Machi, tarehe mbili Mei, tarehe tisa Julai."

"Baba, sisi hatukupata ajali tarehe hizo," akasema Modesta. "Ngoja niulize kwa wenzetu."

Mwezi Agosti kampuni tano za meli zilikutana katika hoteli moja mjini Lushoto, kwa kuwa kuna baridi na watu hufikiri vizuri. Walitaka kushirikiana katika usalama. Siku ya pili, kwa ombi la Modesta, walipanda Magamba. Bertha aliwapa chai na viazi vya kuchemsha. Waliingiza kipima hewa chao mlangoni, kikalia, wakaandika namba. Kisha wakautazama ukuta.

Sefania aliona jinsi walivyoutazama. Mmoja alikazia macho Machi, hakuhama. Mwingine alisoma Mei, akatazama viatu vyake. Aliyesoma Julai alitoka kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Modesta peke yake ndiye aliyekuwa akitazama chini ya mistari, karibu na sakafu. Alichukua fimbo, akapima kwa shubiri zake kutoka sakafuni. "Kila mstari ni mtu mmoja," akasema. "Lakini mwanzo kabisa, begi lilipofunguliwa, ilikuwa juu ya goti. Hizo ni shubiri tatu. Aron moja. Jafari moja. Ya tatu ni ya nani?"

Mwenyekiti wao, Bwana Valentino, mtu mzima mwenye mvi na koti zuri, aliweka kikombe chini.

"Ni ya kwetu," akasema. "Novemba, kabla ya wenu. Magogo kama yale yale, bandari ile ile."

"Miezi miwili kabla," akasema Modesta.

"Kama miwili."

Sefania alikuwa ameketi kwenye kigoda. "Mngetuambia," akasema.

"Hatukuwa na utaratibu wa kuambiana, Mzee," akasema Valentino, na alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni.

Bertha alikusanya vikombe, hata vile ambavyo havijaisha.

Makubaliano yalitiwa saini kesho yake, na Modesta akawasomea wazee nakala yake barazani. Kampuni zote tano zingepeana mafunzo ya ajali. Mafunzo hayo yasingetaja meli, wala bandari, wala tarehe, wala shehena, na yangetolewa baada ya wanasheria kuyapitia. Ukuta wa Magamba ungehesabiwa kuwa siri ya wote. Pamoja na nakala zilikuja ndoo mbili za rangi nyeupe. Sefania aliipeleka rangi kanisani.

"Na wewe umeweka saini?" akamuuliza.

"Nimeweka, Baba," akasema Modesta. "Ningekataa, wangemleta mwingine."

Sefania alikubali kwa kichwa. Hakuwa na hasira naye. Yeye mwenyewe alikuwa na neno lake kwenye simu.

Mwezi uliofuata alikuja mama mmoja kutoka Tukuyu, amevaa sweta la kiume, akiwa na karatasi yenye mwandiko wa Modesta. Alijitambulisha kuwa ni mama wa Lusajo, baharia. Kampuni ilimwambia mwanawe alikufa kwa moyo, tarehe kumi na nne Machi. Alikuwa amekwisha kuwapeleka wadogo wote wa Lusajo hospitali kupimwa moyo.

Sefania alimwonyesha mstari. Mama aliutazama, kisha akauliza kama inaruhusiwa kugusa.

"Mkono hauna neno," akasema Sefania. "Ila usiinamishe uso."

Mama alipitisha mkono juu ya ubao na kuuacha humo, vidole vikiwa vimetandazwa. Alisema ni baridi kidogo. Sefania alisimama karibu naye kwa muda mrefu, kisha akatoa simu, akamsikilizisha sauti ya Aron, halafu na yake mwenyewe. Bertha alisikia kutoka jikoni. Alikuja akakaa chini, akamshika mumewe kifundo cha mguu.

Mama Lusajo alikaa kwao wiki nzima, akiwasaidia kuvuna viazi. Alikuwa na mwandiko mzuri. Mbele ya Machi aliandika jina la mwanawe, na kwenye shubiri za mwanzo akaandika Aron na Jafari, akiwa amefunga mkaa kwenye fimbo na kukaza mkono.

Alhamisi asubuhi moto ulizimika juu ya kifua. Sefania alimpigia Modesta, akaambiwa na sauti nyingine kwamba amehamishiwa idara ya manunuzi. Akapiga kwa kampuni nyingine nne kama namba zilivyoandikwa kwenye nakala. Zote zilimshukuru kwa kupiga.

"Ni nani?" akauliza Mama Lusajo.

"Hawajasema."

Akachora mstari, akaandika tarehe, na mbele yake akaacha nafasi.